Risala ya Timu ya Besiboli ya Chuo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Msimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walimu, wazazi, walezi na wanachuo wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Pili tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kukaa nasi kwenye jua hili. Umefika kwa wakati uliopangwa. Hilo tumeliona na limetutia moyo.

Kwa upande wa historia hatutakuchosha. Besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, ilikuja hapa Tanzania kwa juhudi za marafiki zetu Wajapani, ikaanzia kwenye shule za sekondari, na mwaka 2018 ukafunguliwa uwanja wa Koshien pale Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani. Vijana waliocheza huko walimaliza shule, wakaja hapa chuoni na glovu zao, wakakuta hakuna timu. Wakaianzisha. Mengine yamo kwenye katiba yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, msimu huu umekuwa wa mafanikio makubwa ambayo chuo hiki hakijawahi kuyaona. Timu imefika fainali ya bonanza la vyuo na kutoka mshindi wa pili kwa tofauti ya alama moja tu. Mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira, ameitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa. Dada zetu wa softiboli, mchezo ulio ndugu wa besiboli, ambao walikuwa wanakopa glovu zetu, sasa wana kikosi kamili. Aidha, timu imepanda miti upande wa mashariki wa uwanja, imefanya usafi kituo cha daladala, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyefutiwa mitihani kwa utoro. Kwa timu isiyo na kocha wa kuajiriwa, haya si madogo.

Wapo wanaosema mchezo huu ni wa Wazungu na hauna mbele. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Mwaka 2028 besiboli inarudi Olimpiki, Los Angeles. Mbele ipo. Kwetu kinachokosekana ni nyuma, na hapo ndipo tunaomba utusikilize kwa makini.

Mheshimiwa, uwanja wetu hauna wavu wa nyuma ya mdakaji. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira una uzito unaokaribia gramu 150, mgumu, umeshonwa kwa ngozi. Ukimpita mdakaji, au ukigongwa pembeni ukaruka kinyume, hauna wa kuuzuia. Hatua chache nyuma ndiyo njia ya miguu, ng'ambo yake yupo mama lishe na sufuria zake, halafu barabara ya daladala.

Tulichofanya ni hiki. Tulinunua nyavu chakavu za wavuvi pale Feri, tukazishona kwa sindano ya magunia na kuzifunga kwenye miarobaini miwili. Zilitusaidia mpaka masika. Sasa zimeoza, ukiingiza kidole uzi unakatika. Kwa hiyo kila mazoezi tunawapanga wanachuo watatu wa mwaka wa kwanza nyuma ya mdakaji wawe ndio wavu. Mmoja ni yule aliyekaa mstari wa mbele, mwenye bandeji kwenye kiganja. Hana glovu, kwa sababu glovu zilizopo ni za walio mchezoni.

Shule ya msingi ya jirani ikitoka, tunasimamisha mazoezi hadi mtoto wa mwisho apite. Tukirudi, giza linaanza kuingia. Tena hatuwezi kualika timu yoyote hapa, kwa kuwa waamuzi wanaukataa uwanja, na ni haki yao. Mechi zote za msimu huu tumecheza ugenini, kwa nauli za kuchangishana. Wazazi walioketi hapa hawajawahi kuona watoto wao wakicheza mechi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Lilisomwa mbele ya mgeni rasmi aliyekutangulia, kwenye viti hivi hivi. Alituahidi wavu na nguzo kabla ya muhula kwisha. Tulipiga vigelegele, tukapiga picha, na picha hiyo bado iko kwenye ubao wa matangazo. Akatumwa mtu kuja kupima. Akapima, akachomeka vigingi, akaondoka. Barua zetu za ukumbusho zilipokelewa na kugongwa muhuri, na nakala zake tunazo. Hatulaumu, maana viongozi wana mambo mengi. Ila vigingi bado vipo, na msimu huu mchezaji wetu mmoja amejikwaa kwenye kimojawapo akateguka kifundo cha mguu.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba nguzo nne za chuma, wavu mpya wa kamba nene wenye kimo cha mita sita, na saruji ya kusimika nguzo. Kuchimba mashimo na kuchanganya zege tutafanya wenyewe. Jezi tunaweza kusubiri. Basi la timu, ambalo wageni wengi hupenda kuliahidi, nalo tunaweza kusubiri.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, kwamba ukisimama kuzungumza ututajie tarehe, na jina la mtu wa ofisini kwako tutakayemfuata. Kama haliwezekani mwaka huu, tuambie leo hii hii. Hatutakasirika. Tutajua kwamba tuanze kuchanga.

Makisio ya fundi yamo kwenye bahasha ya kaki atakayokukabidhi nahodha wetu sasa hivi, pamoja na nakala ya barua za awali.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Timu