Planet of the Apes: hadithi ya zamani iliyofufuliwa kwa heshima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze kwa nini ninauhesabu mfululizo wa filamu za Planet of the Apes, ulioanzishwa upya mwaka 2011, kuwa miongoni mwa kazi bora za hadithi za kisayansi zilizopata kuonyeshwa katika sinema karne hii. Najua kwamba wapenzi wengi wa filamu wamechoshwa na desturi ya Hollywood ya kuchimbua hadithi za miaka ya nyuma kila pesa zinapohitajika, na uchovu huo nauelewa kabisa. Lakini si haki kuitia kazi hii katika kapu moja na hizo nyingine, kwa kuwa walioitengeneza hawakuridhika na kuirudia hadithi waliyoirithi; waliigeuza, tukaitazama kwa macho ya sokwe badala ya macho ya binadamu.

Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Franklin Schaffner mwaka 1968 kutokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle, ilikuwa hadithi ya mwanaanga aliyeigizwa na Charlton Heston, ambaye anatua katika dunia inayotawaliwa na sokwe na kukuta binadamu wakiwindwa kama wanyama. Ilikuwa filamu kubwa, na sura za sokwe zilizobuniwa na John Chambers zilimpatia tuzo maalumu ya Oscar, wakati ambapo tuzo ya kila mwaka ya kazi hiyo ilikuwa haijaanzishwa. Hata hivyo, mtazamaji alitua pamoja na Heston, akashangaa pamoja naye na kuogopa pamoja naye, na sokwe wakabaki kuwa watu wa upande wa pili. Filamu nne zilifuata hadi mwaka 1973, na ile ya 1972 ndiyo iliyothubutu kumpa uongozi wa hadithi sokwe aitwaye Caesar, akiigizwa na Roddy McDowall. Jaribio la Tim Burton la mwaka 2001 silisemei mengi: sura alizozitengeneza Rick Baker zilikuwa za kupendeza sana, lakini hadithi yenyewe haikunigusa.

Ndipo wakaja Rick Jaffa na Amanda Silver, mume na mke waandishi, wakauliza swali ambalo filamu za zamani zililijibu kwa haraka mno: ilikuwaje hata sokwe wakainuka na binadamu wakaanguka? Jibu lao halikuhitaji chombo cha anga wala safari ya kuvuka wakati. Walianzia San Francisco, katika nyumba ya mwanasayansi kijana ambaye baba yake anapoteza kumbukumbu kwa maradhi ya Alzheimer, na ambaye dawa anayoitafuta kwa ajili ya mzee huyo inajaribiwa kwanza kwa sokwe wa maabara. Mtoto wa sokwe mmoja aliyejaribiwa dawa hiyo anazaliwa akiwa na akili isiyo ya kawaida, analelewa chumba cha juu penye dirisha la duara, anafundishwa kusema kwa ishara za mikono, na kupewa jina la Caesar. Maangamizi yote yanayofuata katika filamu zilizobaki yanatokana na mapenzi ya mtoto kwa baba yake, na hilo ndilo linalonifanya niiheshimu sana filamu hiyo ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Rupert Wyatt. Hakuna aliyekusudia ubaya tangu mwanzo. Kuna mtu aliyekuwa na haraka ya kuponya, kampuni iliyokuwa na haraka ya kupata faida, na virusi vilivyotokana na dawa hiyo, visivyojali nia ya mtu yeyote.

Naomba wasomaji waitazame kwa makini sehemu ambapo Caesar, akiwa ametoka matembezini msituni na kamba shingoni, anakutana na mbwa aliyefungwa kamba kama yake. Mbwa anabweka, Caesar anamjibu kwa ukali, mbwa ananywea. Halafu Caesar anaiangalia ile kamba yake mwenyewe, na baadaye anamuuliza mlezi wake kwa mikono iwapo yeye naye ni mnyama wa kufugwa. Mlezi anamjibu kwa upendo wa kweli kwamba sivyo, yeye ni baba yake, lakini kamba ilikwisha kusema lake. Baadaye, Caesar anapofungiwa katika kituo cha sokwe kwa kosa la kumtetea yule mzee mgonjwa dhidi ya jirani, anachora kwa chaki ukutani dirisha la chumba chake cha nyumbani. Na siku anapotambua kwamba mlezi wake hatamtoa, anaifuta michoro hiyo kwa kiganja. Hakuna maneno hapo wala muziki wa kutulazimisha tulie, na bado mtazamaji anaelewa kwamba mtoto amekua na kwamba amekata tamaa na watu. Hivyo anaposimama mbele ya mlinzi mwenye fimbo ya umeme na kutamka kwa sauti ya koromeo neno lake la kwanza, «Hapana», neno hilo limekwisha kulipiwa kwa kila tulichokiona kabla yake.

Filamu ya pili, ya mwaka 2014, niliitazama katika kibanda umiza hapa Kigoma pamoja na vijana ambao wengi wao hawakuweza kuyafuata maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Filamu hiyo, baada ya taarifa fupi za habari kuhusu ugonjwa ulioimaliza dunia, inatuweka kwa muda mrefu katikati ya sokwe peke yao: wanawinda, wanajenga, wanafundisha watoto wao, wanapokea mtoto mchanga, na karibu kila wanachoambiana wanakisema kwa mikono. Wanaokwenda vibandani wanafahamu kwamba huko watu hawakai kimya. Kila pigo lina shangwe zake. Siku hiyo kibanda kizima kilifuata hadithi kwa kusoma nyuso, na Koba, sokwe aliyekuwa msaidizi wa Caesar, alipoanza kumtazama kiongozi wake kwa jicho la chuki, kijana mmoja jirani yangu alisema kwa sauti, «Huyu atamgeuka», muda mrefu kabla ya Koba kumgeuka. Sijaona ushahidi ulio bora kuliko huo wa ubora wa uigizaji.

Naandika uigizaji kwa makusudi, kwa sababu bado kuna wanaodhani kwamba sokwe hawa ni kazi ya kompyuta tupu. Caesar aliigizwa na Andy Serkis katika filamu tatu, za 2011, 2014 na 2017. Alivaa vazi la kubana lenye alama maalumu mwilini, uso wake ukatiwa vidoti, na kamera ndogo iliyofungwa katika kofia ikanasa kila mkunjo wa paji la uso na kila mtikisiko wa mdomo; mafundi wa kampuni ya Weta ya New Zealand wakachukua kumbukumbu hizo na kuzivika manyoya, ngozi na macho ya sokwe. Zamani ufundi huu ulifungiwa ndani ya studio zenye mwanga uliopangwa, lakini katika filamu ya pili, chini ya mwongozaji Matt Reeves, waigizaji walifanya kazi katika misitu yenye mvua na matope ya British Columbia nchini Kanada. Serkis hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani kabla ya kuigiza sokwe mkubwa katika filamu ya King Kong ya mwaka 2005 alisafiri hadi Rwanda kuwaangalia gorila wa milimani. Wenzake nao wasisahauliwe: Toby Kebbell aliyekuwa Koba, Terry Notary aliyekuwa Rocket na aliyewafundisha wengine mwendo wa sokwe, na Karin Konoval, mwanamke aliyemwigiza Maurice, orangutanu dume mwenye hekima, kwa utulivu ambao sijaona mfano wake.

Filamu zote nne za mfululizo huu mpya ziliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya picha za kubuniwa kwa kompyuta (visual effects), na hakuna hata moja iliyoshinda. Hilo naweza kulivumilia. Nisichoweza kulivumilia ni kwamba Serkis hakuwahi kuteuliwa kwa uigizaji, ingawa studio ilimpigia debe baada ya filamu ya kwanza. McDowall alificha uso wake chini ya mpira na gundi na hakuna aliyesema kwamba mpira ndio ulioigiza.

Turudi kwa Koba, maana ndiye anayeipa filamu ya pili uzito wake. Alikulia katika maabara, na Caesar anapomwambia awaache binadamu wafanye kazi yao kisha waende, Koba anagusa makovu yake moja baada ya jingine na kusema kila mara kwamba hiyo ndiyo kazi ya binadamu. Unaweza kumchukia kwa anayoyatenda baadaye, lakini huwezi kusema kwamba amedanganya. Kwetu sisi tunaoishi karibu na Hifadhi ya Gombe, jambo hili lina uzito wa pekee. Sokwe ambao mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza huko mwaka 1960 waligawanyika makundi mawili, na kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwawinda na kuwaua wenzao wa Kahama, ambao awali waliishi nao pamoja. Watu wengi waliposikia habari hizo hawakutaka kuziamini, kwa vile walipenda kufikiri kwamba vita ni ugonjwa wa binadamu peke yake. Caesar naye aliamini hivyo, na filamu inamwonyesha akijifunza kwa uchungu kwamba sheria yake ya sokwe kutomuua sokwe haitoshi.

Si kwamba naona kila kitu kimekamilika. Katika filamu ya 2017, ambayo inamfuata Caesar akitafuta kisasi baada ya mkewe na mwanawe mkubwa kuuawa, poromoko la theluji linalolifagia jeshi zima mwishoni linakuja kirahisi mno kwa hadithi iliyokuwa na nidhamu kiasi hicho. Lakini Caesar anayegundua kwamba amekuwa na moyo kama wa Koba ni jambo ambalo filamu chache za aina hii zinathubutu kumpa shujaa wao. Nayo filamu ya 2024, iliyoongozwa na Wes Ball, inaturusha vizazi vingi mbele na kutuonyesha mfalme wa sokwe, Proximus, akilitumia jina la Caesar na maneno yake kuhusu umoja ili kuwatia sokwe wengine utumwani. Waliopata kuona maneno ya waasisi yakitumiwa na watu wasiofanana nao watamtambua mara moja.

Kwa wasomaji ambao hawajazitazama, nawaomba waanze na ile ya 2011 na kufuata mpangilio wa miaka, wala wasiruke hadi ya 2024 kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa zaidi. Na kwako Mhariri, ukurasa wa burudani wa gazeti lako ungetenda jema kama ungewapa waigizaji hawa nafasi ile ile unayowapa wale ambao nyuso zao tunaziona.

Wako,
Mpenzi wa sinema,
Kigoma