Kilo mbili za mbuzi zimekwenda wapi? Majibu kutoka jikoni kwetu

"Mmetupunja." Haipiti wikiendi hapa kwenye baa yetu ya nyama choma bila kulisikia neno hili, na Jumapili iliyopita limesemwa kwa sauti ya juu, mbele ya watu waliokuwa wanakula zao kwa amani. Baba mmoja na mkewe, mama mkwe na watoto watatu walikuwa wameagiza kilo mbili za mbuzi. Sinia lilipofika, baba akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalishusha, akasema hii hapa haifiki hata kilo moja na nusu.

Alikuwa sahihi. Haikufika, na haikutakiwa kufika. Kilichotuuma ni dada wetu wa mezani kuitwa mwizi mbele ya watoto, wakati nyama ile ilipimwa sawasawa na ikachomwa sawasawa. Kwa hiyo leo tunaeleza, ili ukija na familia yako hapa Tabata, Dar es Salaam, au hata ukienda baa nyingine, ujue unacholipia.

Kilo ya nyama choma ni kilo ya nyama mbichi. Ndivyo inavyouzwa kwetu na ndivyo inavyouzwa kwenye baa nyingi za jiji hili. Nyama mbichi sehemu kubwa ni maji, karibu robo tatu ya uzito wake ukiacha mfupa na mafuta. Ukiiweka juu ya mkaa kwa dakika arobaini au hamsini, maji yanapanda juu na mafuta yanadondoka chini, na hayo mafuta yakigusa mkaa ndiyo yanatoa ule moshi uliokufanya ukate kona kuingia kwetu. Jikoni kwetu kilo moja ya mguu inatoka na gramu 650 mpaka 700. Mbavu zinapungua zaidi, kwa sababu mafuta yake ni mengi. Na humohumo mfupa umo, kwa sababu mbuzi ana mifupa, hilo hatuna la kufanya.

Kuna wanaotuambia, basi pimeni ikishaiva. Inawezekana kabisa. Mbuzi wetu ni Sh 22,000 kwa kilo mbichi. Tukianza kupima iliyoiva, ubao wa bei utasoma Sh 33,000 hivi, na wewe utageuza gari getini ukisema hawa jamaa wamechanganyikiwa. Hela ni ileile na nyama ni ileile. Tumebaki na mbichi kwa sababu mbichi unaweza kuikagua kwa macho yako kabla haijaguswa na moto.

Na hapo ndipo wateja wetu wanapotuangusha. Mzani wetu hatujauficha stoo. Uko dirishani, umeangalia uani, una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, na kila mwaka unakaguliwa upya. Lakini mtu anakaa, anaagiza bia yake, anamwambia dada "leta kilo mbili", halafu anarudi kwenye simu. Nyama inakatwa, inapimwa, inachomwa, yeye hajainuka. Ikifika mezani ndipo anataka kujua ilipimwaje.

Tunaomba mtu mzima mmoja kutoka kila meza aje dirishani. Atamkuta mchoma wetu na visu vyake. Kwanza mwombe akuonyeshe sahani ya mzani ikiwa tupu, isome sifuri. Kisha chagua: mguu wa nyuma kama mnataka nyama nyingi na mfupa mchache, mguu wa mbele kama mnataka iliyolainika karibu na mfupa, mbavu kama mnapenda kutafuna huku mkipiga stori. Mguu hauna adabu ya kuwa kilo mbili kamili. Utasoma, tuseme, 1.85. Mchoma atakuuliza: "Niongeze kipande cha ubavu ifike mbili, au niache hivyohivyo?" Jibu lako ndilo litakaloandikwa kwenye bili. Ukisema niache, unalipia 1.85, hulipii mbili.

Baada ya hapo nyama yako inafungwa kwa waya wenye kibati chenye namba ya meza yako, ndipo inawekwa chumvi na kupanda jikoni. Kibati hicho hakitoki mpaka nyama ifike kwenye ubao wa kukatia. Tulianza utaratibu huo baada ya mama mmoja kutuambia ana uhakika mguu alioletewa si ule aliouchagua. Ulikuwa uleule, ila mguu wa mbuzi ukishapigwa na moto unasinyaa, mfupa wa chini unachomoza, hata aliyemfuga hawezi kumtambua. Sasa namba inajibu badala yetu.

Tuje kwenye bei, maana hapo ndipo maneno yalipo. "Bucha hapo nje kilo ni bei rahisi, ninyi mnaongezea nini?" Mbuzi mwenye kilo 25 akiwa hai, akishachinjwa, akatolewa ngozi, kichwa, kwato na vya tumboni, anabaki na kilo 11 au 12 za nyama pamoja na mifupa. Wa kwetu wanachinjwa machinjio ya Vingunguti, wanakaguliwa na kupigwa muhuri, na hatuchukui beberu mzee hata akija kwa bei ya kutupa, kwa sababu ile harufu yake haiondoki kwa ndimu wala kwa maombi. Katika hizo kilo 11, shingo na vipande vya mgongo hakuna anayevitaka kuchoma, vinaishia kwenye supu ya asubuhi. Halafu kuna mkaa, na mkaa wa Dar kila mtu anajua bei yake. Kuna kachumbari, ndimu, pilipili na ndizi mbili za kuchoma ambazo hazionekani kwenye bili kwa sababu zimo ndani ya bei. Kuna mtu aliyesimama mbele ya moto tangu saa nne asubuhi. Leseni hatujaitaja, wala risiti ya mashine ya kodi (EFD) unayopewa bila kuomba. Hatusemi ni rahisi. Tunasema si wizi.

Sasa njia za mkato, maana tunaziona zote, na mara nyingi mteja anaondoka amelipa zaidi ya yule aliyefuata utaratibu.

Ya kwanza ni kuja na nyama yako. Hatukatazi kama ina muhuri na risiti ya bucha, na kuchoma tunatoza Sh 5,000 kwa kilo. Lakini nyama ya kupika mchuzi si nyama ya kuchoma. Sikukuu ya Idd mwaka jana mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi na mtu mwema sana, alikuja na kilo tatu za steki ya ng'ombe kutoka kwenye friza, imeganda kama tofali. Tukamwambia, mzee, hii iyeyuke kwanza, na haina mafuta hata kidogo, mkaani itakauka. Akasema wajukuu wana njaa, ninyi chomeni tu. Tukachoma. Nje ikawa nyeusi, katikati bado baridi. Ikarudishwa, ikaja ngumu hata mbwa wa mlinzi aliitafuna kwa kupumzika. Mwishowe aliagiza kilo mbili za mbuzi juu yake. Kwa hiyo alilipa bucha, akalipa kuchomewa, akalipa mbuzi, na muda wote huo wajukuu walikuwa wanakula chipsi, nazo zina bei.

Ya pili ni haraka. "Ongezeni moto, sisi tuna watoto." Tunaelewa, watoto hawana subira. Lakini moto mkali unaunguza nyama kwa nje na kuiacha mbichi ndani, na nyama ya namna hiyo mtoto haiwezi, ataitafuna mpaka aitemee mkononi mwa mama yake. Ukiirudisha jikoni, inapungua mara ya pili, na safari hii huwezi kutulaumu. Kuna sehemu wanamaliza tatizo hili kwa kuchemsha nyama kwanza, halafu wanaipitisha kwenye moto ipate rangi. Ni laini, ni haraka, watu wanasifia. Ila utamu wote umebaki kwenye sufuria, na ile supu utakayoletewa bakuli na kutozwa pembeni imetoka kwenye kilo uliyokwisha kulipia. Kwetu nyama haichemshwi. Anayetaka supu, ya kwetu inapikwa kwa shingo na mgongo, si kwa kilo yako.

Dawa ya haraka ni simu tu. Ukiwa unatoka kanisani, au mmeshaamua nyumbani kwamba leo hakuna kupika, piga. Tutakutumia picha ya kipande kikiwa kwenye mzani na namba inasomeka, ukikubali kinapanda jikoni. Foleni ya Barabara ya Mandela ikikushika, nayo inakushika, ukifika nyama iko tayari kukatwa. Asiyepiga anafika saa nane mchana na watoto wanalia. Anaagiza choma, anaambiwa lisaa. Basi sahani nne za chipsi mayai, soda nne, mishikaki ya kuzugia. Nyama inafika, watoto wameshashiba wako kwenye bembea, baba anakula vipande vitatu na kingine chote kinafungwa kwenye foili kwenda nyumbani. Hapo bili imekuwa mara mbili, na maneno getini ni yaleyale: pale ni ghali. Kwa upande wa biashara, tungenyamaza, maana tunauza zaidi. Ila mteja wa hivyo harudi.

Ya tatu ni soda na juisi za kwenye pochi. Akina mama, tunawaona. Mtoto mdogo na uji wake au maziwa yake, hilo halina mjadala, hata maji ya moto tunakupa bure. Lakini kufungua pakiti kumi na mbili za juisi juu ya meza yetu huku umekalia kiti chetu, na mhudumu azoe mabaki, hapo tutakufuata kwa heshima na kukuomba uzirudishe garini. Kiti hicho na ule uwanja wa watoto wenye bembea na mchanga havina tiketi. Vinalipwa na soda. Na chupa za soda na bia tafadhali ziache mezani, msiondoke nazo. Chupa tupu inarudi kwenye kreti, ikikosekana tunailipia sisi.

Kwa kuwa tumewataja watoto, kuna jambo lingine linalotuletea ugomvi. Hatumpi mtoto bia aipeleke mezani kwa baba yake. Juzi kaka mmoja alichukia sana, akasema, "Ni mwanangu, nimemtuma mimi mwenyewe, ninyi mnahusika vipi?" Tunahusika. Sheria hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na dada wa kaunta hawezi kuanza kuchunguza nani katumwa na nani hakutumwa. Kaa, inua mkono, bia itakujia baridi kama unavyoitaka. Na ikifika saa mbili usiku tunawaomba wenye watoto wadogo mmalizie. Muziki hatuufungulii wa kutikisa madirisha, watu wa mazingira wa serikali hawana mzaha na kelele na majirani zetu wanajua kupiga simu, ila usiku mazungumzo ya watu wazima yanabadilika, na wewe mzazi unajua tunachomaanisha.

Wapo pia wanaotuuliza mbona hatuuzi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, wakati baa ya jirani inajaza kwa hiyo hiyo. Wengi wa wanaokuja na familia hapa hawanywi kabisa. Wanakuja kula mbuzi na kunywa soda, wengine ni Waislamu, na wanataka uhakika kuhusu mchinjaji, jiko, visu na ubao wa kukatia. Hatutaki kuwa na majiko mawili na maelezo mawili. Tumechagua mbuzi, kuku wa kienyeji na samaki, tukabaki hapo. Tunajua tunapoteza hela ya vijana wa Ijumaa usiku. Sawa.

Yule baba wa Jumapili, kama unasoma hapa: mguu wako ulisoma 1.55, na ubavu 0.45. Karatasi ya dirishani tunayoandikia vipimo, ya siku ile, ipo, yenye namba ya meza yako, na dada aliyekuhudumia yupo zamu kila siku isipokuwa Jumatatu, siku tunayofunga. Ukija tena, tutapima mbele yako mbichi, na ikiiva tutairudisha kwenye mzani uleule kabla haijakatwa, uandike mwenyewe namba zote mbili. Huduma hiyo sasa ni ya kila meza itakayoiomba, haina malipo. Ila iombe kabla nyama haijakatwa, kwa sababu ikishakuwa vipande kwenye sinia na watoto wameshatia mikono, hakuna tena cha kupima.

Na kwa wanaolenga mguu wa nyuma Jumapili hii: huwa unaisha kabla ya saa tisa. Mbavu zinadumu mpaka jioni.