Barua ya wazi kwa Spika Moses Wetang'ula: Deni la Bunge kwa Mama Grace Onyango

Mheshimiwa Spika,

Grace Onyango alifariki Machi 8, 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na miaka 98. Wanasiasa wa kila mrengo walituma rambirambi na kumsifu kwa kufungua njia. Nakuandikia kuhusu njia hiyo, kwa sababu Bunge unaloliongoza ndilo lililoiacha ikamea nyasi.

Mama Grace alikuwa mwalimu kabla ya kuingia baraza la mji wa Kisumu kama diwani. Meya alipofariki mwaka 1965, yeye ndiye aliyevaa mkufu wa umeya, mwanamke wa kwanza nchini kufika hapo. Udiwani ni kazi isiyo na pa kujificha. Mtaro ukiziba au bomba likikauka, mwenye malalamiko anakukuta sokoni na kukuuliza mbele ya watu. Mwanasiasa aliyepikwa huko haogopi maswali, na ndiyo maana hakuogopa kuuliza ya kwake.

Mwaka 1969 ulikuwa mchungu kwa Kisumu. Waziri Tom Mboya aliuawa Julai 5. Oktoba 25, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali kuu, risasi zilifyatuliwa kwa umati na watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na kiongozi wake Jaramogi Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Mji ulikuwa matangani. Desemba ukapiga kura, na ukampeleka Bungeni mwanamke: wa kwanza Kenya kuchaguliwa na wananchi kuwa mbunge. Kila ninaposikia kwamba mpiga kura wa Kiafrika hayuko tayari kwa kiongozi wa kike, naikumbuka Desemba ile. Wazee wetu walikuwa tayari wakati ambao wangeweza kusamehewa kwa kukata tamaa na kura yenyewe.

Mbunge J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Mama Grace alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati teule iliyochunguza mauaji hayo, wakati ambapo kuuliza tu kulikuwa hatari. Baadaye alikalia kiti unachokalia wewe, akiongoza vikao kama naibu spika wa muda. Alikaa Bungeni hadi 1983.

Sasa tutazame tulipo. Katiba ya 2010 inasema wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mahakama ya Juu ililipatia Bunge muda hadi Agosti 27, 2015 kutunga sheria ya kulitekeleza hilo. Muda ukapita. Februari 2019 mswada wa kuitekeleza kanuni hiyo ulihitaji kura 233, na waliokuwepo ukumbini walikuwa 174. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kukaidi Katiba, nalo halikuvunjwa. Katika uchaguzi wa 2022, maeneobunge 290 yalichagua wanawake takriban 30.

Kinachoniuma zaidi ni ile 2019. Mbunge anayepinga mswada asimame, atoe hoja zake, apige kura ya la, nasi tumhukumu kwa hilo. Kuuangusha kwa kutofika ni kumkimbia mwananchi aliyekutuma. Diwani wa zamani angepata wapi ujasiri wa kufanya hivyo na kesho yake apite sokoni?

Najua Spika hapigi kura na wala halazimishi mtu kupiga. Lakini ratiba ya Bunge iko chini ya kamati unayoiongoza wewe, na orodha ya waliohudhuria iko mikononi mwa makarani wako. Ninaomba mambo mawili. Mswada wa theluthi mbili urudishwe ukumbini kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, ukipangiwa siku inayotangazwa mapema. Na idadi ya wabunge inayohitajika isipotimia siku hiyo, majina ya wasiofika yachapishwe, kila jina na eneobunge lake, tuyasome kabla ya kampeni kuanza.

Wako,
Mpiga kura, Kisumu