Ugonjwa ukifunga njia, muda wa kudai matunzo usimame kwa wote

Ndugu Mhariri,

Nilikuwa karani wa mahakama hapa Tanga mpaka nilipostaafu, na liko jambo la mwaka 2020 ambalo sijaona likiandikwa. Wako akina mama waliokuwa na madai ya matunzo ya watoto dhidi ya wanaume waliokuwa ukingoni mwa kustaafu. Korona ikawachelewesha, na walipofika masjala wakaambiwa wako nje ya muda.

Najua nitakachojibiwa: nchi haikufungwa, mahakama ziliendelea, na tangu 2018 kuna kanuni za kusajili mashauri kwa mtandao. Yote ni kweli. Lakini mama wa Maramba aliyekuwa akiuguza nyumbani, nauli hana, na magari hayachukui abiria wa kusimama, mtandao huo ulimfaa nini? Kusajili kwa mtandao kunataka simu janja, bando, na mara nyingi mtu wa kukuandikia, naye hafanyi bure. Wengine waliogopa tu msongamano, na siwalaumu. Tulikuwa tukizika.

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua mashauri, inaipa mahakama uwezo wa kuongeza muda wa rufaa na maombi pakiwa na sababu ya kuridhisha, hata kama muda wenyewe umeshapita. Kwenye karatasi ni huruma kubwa. Ila Mahakama ya Rufani imeshikilia miaka mingi kwamba kuchelewa hata siku moja lazima kutolewe maelezo. Sasa mchukue mama anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu katika shauri la ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa siku 45. Zikimpita, aape kwa maandishi: siku ya 46 nilikuwa wapi, ya 47 nilikuwa wapi, nani alinipima, cheti kiko wapi. Mwaka ule vipimo vyenyewe vilikuwa vya kutafuta kwa tochi! Wenye mawakili walivuka. Wasio nao, hati zao za kiapo zilikuwa ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja haumalizi siku zote hizo.

Sheria hiyohiyo ya Ukomo inamruhusu waziri anayehusika na sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kurefusha muda wa kufungua shauri kwa kipindi kisichozidi nusu ya ule uliowekwa. Ni mlango, lakini ni wa shauri mojamoja, tena hauhusu rufaa. Nani pale Ngamiani anajua pa kuanzia kumwandikia waziri?

Canada walikwenda njia nyingine. Julai 2020 bunge lao lilipitisha sheria iliyosimamisha muda wa ukomo wa mashauri ya madai chini ya sheria za shirikisho kuanzia 13 Machi, bila kuzidi 13 Septemba mwaka huo. Hakuna aliyetakiwa kueleza alikuwa wapi. Mawaziri nao wakapewa uwezo wa kurefusha muda uliowekwa katika sheria nyingine zilizoorodheshwa. Na kumbuka kwamba kule pensheni ya mtumishi wa umma inaweza kukatwa kulipa matunzo kabla haijamfikia mstaafu, kwa kawaida isizidi nusu. Sisemi tunakili kila kitu. Wana fedha na kompyuta ambazo sisi hatuna. Lakini kusimamisha saa hakuhitaji kompyuta.

Kwa nini naisemea pensheni zaidi ya mishahara au mashamba? Kwa sababu fedha ya kustaafu ina siku yake. Mahakama inapopanga matunzo hutazama kipato na mali za wazazi, na mkupuo, yaani fedha inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, ukiingia benki, kila mtu mjini anajua: bati, bodaboda, harusi ya pili, umekwisha. Kuchelewa miezi mitatu hapo si sawa na kuchelewa miezi mitatu kudai deni la saruji. Hata hivyo muda ukiongezwa, mama haondoki mikono mitupu. Kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kilichotangazwa kwenye bajeti ya 2024/25, mkupuo ni asilimia 40 kwa baadhi ya wastaafu na 35 kwa wengine. Kinachobaki hulipwa kila mwezi maisha yao yote. Mtoto anaweza kusomeshwa kwa hicho.

Wastaafu wenzangu watanuna. Mimi pia napokea pensheni, na sitaki malipo ya mtu yazuiwe kwa sababu tu kuna ugonjwa. Ninachotaka ni kwamba janga likitangazwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, waziri aweze kutoa amri moja ya jumla, yenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, kwa wilaya zilizoathirika, nayo iguse rufaa na maombi pia. Kagera imepata ugonjwa wa virusi vya Marburg mara mbili, 2023 na 2025. Hatuzungumzii ndoto.

Muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali hupita bungeni mara kwa mara, na aya mbili humo zinatosha. Kabla ya hapo, mbunge yeyote wa mkoa huu anaweza kuuliza swali la msingi: tangu 2020 waziri ametoa amri ngapi za kurefusha muda, na ngapi kati yake zilihusu matunzo ya mtoto?

Karani mstaafu,
Chumbageni, Tanga