Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania): tulinde njia za intaneti

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Naomba kila mwenye leseni ya kutoa huduma ya intaneti nchini alazimike kusajili anwani zake za intaneti (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni) katika RPKI, mfumo wa kuthibitisha ni mtandao upi wenye haki ya kutangaza anwani zipi, na ruta zake, yaani vifaa vinavyoelekeza data, zikatae matangazo ya njia yanayopingana na usajili huo.

Mitandao huelekezana njia kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya BGP, iliyobuniwa mwaka 1989, enzi ambazo mitandao ilikuwa michache. Mmoja hutangaza kwamba anwani fulani ziko kwake. Jirani huamini, naye huwapasha wengine. Itifaki yenyewe haimdai mtangazaji ushahidi wowote.

Februari 24, 2008, Pakistan Telecom ilikusudia kuifunga YouTube ndani ya Pakistan tu. Tangazo lake likavuja kupitia PCCW, kampuni ya mawasiliano ya Hong Kong, ambayo haikulichuja. YouTube ilikuwa ikitangaza fungu la anwani 1,024. Pakistan Telecom ikatangaza 256 kati ya hizo, na ruta hufuata fungu lililo dogo zaidi. Kwa takriban saa mbili, sehemu kubwa ya dunia haikuipata YouTube.

Hilo lilikuwa kosa. Aprili 2018 wezi walitangaza kwa makusudi anwani za seva za Amazon zinazoelekeza majina ya tovuti. Wateja wa MyEtherWallet, tovuti ya pochi za sarafu za kidijitali, wakapelekwa kwenye ukurasa bandia, wakaibiwa sarafu za takriban dola 150,000. Nikifikiria tunavyolipa umeme, ada na kodi kwa simu, habari hiyo hainipi usingizi.

RPKI ni kama hati ya kiwanja. AFRINIC, inayogawa anwani Afrika, humthibitisha mmiliki kwa saini ya kidijitali, naye hutaja mtandao wenye haki ya kuzitangaza. Ila hati isiyokaguliwa na mtu haizuii uvamizi, ndiyo maana nasisitiza ukaguzi kwenye ruta. Programu za kufanyia kazi hiyo zipo, tena za bure. Na kwa kuwa RPKI huthibitisha chanzo cha tangazo pekee, si njia nzima, kila mtoa huduma achuje pia matangazo ya wateja wake.

Naomba muanze na mitandao ya Serikali, benki na kampuni za simu, muweke tarehe ya mwisho, kisha mchapishe majina ya waliotekeleza na wasiotekeleza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhandisi wa mitandao, Dodoma