Ufunguo nilimpa mwenyewe, sasa tunagombana

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, nina mke na watoto wawili. Silewi wala sichezi kamari. Kinachonimaliza ni simu ya usiku. Napanda kitandani saa nne nikiwa na nia safi ya kulala, nafungua dakika tano tu, nikija kushtuka ni saa nane. Asubuhi macho yamevimba, miswada ya watu niliyopewa kuhariri imelala mezani, na najichukia mpaka jioni. Giza likiingia, chuki yote nimeisahau.

Kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yangu, nikaanza kujisomea kuhusu tabia hii. Kumbe wachumi wameichunguza siku nyingi. Wanasema jambo la wiki ijayo tunalipanga kwa busara, ila saa yake ikifika, raha iliyo karibu hugeuka kubwa kuliko faida ya kesho. Nilimpenda hasa Richard Thaler, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2017. Anasimulia kwamba zamani aliwaalika wenzake chakula cha jioni, wakisubiri akawawekea bakuli la korosho. Alipoona wanazibugia na watashindwa kula, akalichukua bakuli akalificha jikoni. Wakamshukuru! Halafu, kwa kuwa walikuwa wachumi, wakaanza kujiuliza imekuwaje wafurahi kunyang'anywa kitu ambacho wangeweza tu kuacha kukila.

Nikasema basi, na mimi dawa yangu ni kuondolewa bakuli.

Nilianza peke yangu: simu nikaifungia kwenye droo, ufunguo nikauweka juu ya kabati. Siku tatu zikapita vizuri. Usiku wa nne nilijikuta nimesimama juu ya kiti gizani, napapasa vumbi kwa vidole, pumzi nimeibana watoto wasiamke, kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Aliyeficha na anayetafuta ni mtu yuleyule, sasa hayo ni maficho gani?

Nikahamia kwenye faini. Nilikuwa nimesoma kuhusu wavuta sigara wa Ufilipino walioshawishiwa kuweka pesa zao benki kwa miezi sita, kwa makubaliano kwamba wakipimwa mkojo na kukutwa bado wanavuta, pesa inakwenda kwa hisani. Katika kila 100 walioambiwa, ni kama 11 tu waliokubali kujifunga hivyo, lakini mpango ulisaidia watu kuacha. Mimi faini yangu nilimlipa mke wangu. Usinicheke, Shangazi. Pesa ilitoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto, maana aliitumia kulipia umeme wa nyumba hiyohiyo. Sikuumia hata kidogo.

Ndipo nikamkabidhi ufunguo. Nilimwambia, "Hata nikilia, usinipe mpaka kuche." Akacheka, akakubali. Wiki mbili nililala kama mtoto mchanga. Ya tatu nikaanza visingizio: kuna mteja atatuma ujumbe, sijui kengele ya kuniamsha iko humo. Yeye anakataa, kama nilivyomwagiza, na mimi nanuna. Usiku mmoja nikamtupia neno: "Kwani wewe ni mama yangu?" Hakujibu. Alitoa ufunguo, akauweka juu ya meza ya kitandani taratibu, akageukia ukutani.

Usiku ule simu sikuigusa. Usingizi nao haukuja. Asubuhi akaniambia, "Baba Neema, mimi niliolewa, sikuajiriwa ulinzi."

Nimelifikiria sana neno hilo. Thaler aliondoa bakuli mara moja, chakula kikaja, wageni wakashiba wakaenda zao. Mke wangu analiondoa kila siku, na mgeni mwenyewe haondoki. Hata wanafunzi niliosoma habari zao katika utafiti wa Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, uliotoka mwaka 2002, waliruhusiwa kujipangia tarehe za kukabidhi kazi, na wengi wakajibana kwa tarehe za mapema wakijua kuchelewa ni kukatwa alama. Ila mkataji wa alama alikuwa mwalimu, na jioni kila mtu alirudi kwake.

Kaka yangu anasema mwanamume wa kufungiwa simu hana nia, nijikaze tu. Hapo simsikilizi, kujikaza nimejikaza miaka. Ninachotaka kujua ni nani ashike ufunguo. Nimeona kuna visanduku vyenye saa ambavyo havifunguki hata kwa kusihi mpaka muda uliopangwa uishe. Mashine hainuni wala hainuniwi, na kengele ya kuamsha naweza kununua ya kawaida. Lakini najijua, naogopa usiku wa nne nitashika nyundo. Kumtafuta rafiki wa nje naona aibu. Au nimwombe mke wangu radhi na aendelee, ila tukubaliane upya, na kama ni hivyo, nimwambie nini ili asijione askari?

Nisaidie, Shangazi. Ufunguo bado uko juu ya meza ya kitandani, katikati yetu. Siku ya tano leo, hakuna aliyeugusa.

Ni mimi,
Baba Neema