Mgonjwa mmoja apewe kadi moja

Mhariri,

Mama yangu ana sukari na presha. Jumanne anakwenda kliniki moja, Alhamisi nyingine, kila moja na daftari lake. Mwezi uliopita nilimwaga mfuko wake wa dawa mezani nikakuta pakiti mbili za dawa ileile ya presha. Kila daktari kaandika yake, hakuna aliyejua mwenzake kaandika nini. Alikuwa anazimeza zote mbili.

Nchi yetu inaweza kufanya vizuri zaidi. Kwenye kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, mgonjwa ana kadi moja yenye namba, akikosa miadi anatafutwa hadi nyumbani, na mwenye hali nzuri anapewa dawa za miezi kadhaa. Kwa nini mwenye kisukari asihudumiwe hivyo kwenye zahanati ya kijijini kwake?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Naiomba Wizara, inapopanga utekelezaji, ihakikishe kila zahanati ina mashine ya presha inayofanya kazi na vipimo vya sukari, na mgonjwa wa rufaa arudi na maelezo ya maandishi. Sasa hivi anayabeba kichwani, na mama ana miaka 71.

Msomaji wako,
Morogoro